Televisheni ya umma ya Ujerumani ukiwa Dar: kipi kinafunguka, kipi kimefungwa, na nani analipa

Anayetaka kufuatilia utangazaji wa umma wa Ujerumani akiwa Dar es Salaam anakutana na milango miwili. Wa kwanza uko wazi mchana na usiku: Deutsche Welle, yaani DW, yenye redio ya Kiswahili, televisheni ya Kiingereza na masomo ya Kijerumani, vyote bure. Wa pili ni wa ARD na ZDF, televisheni ambazo Wajerumani wenyewe hukaa nazo sebuleni. Huo umerudishwa nusu, na nusu iliyofungwa ndiyo yenye filamu, tamthilia na mpira. Ukijua nani analipia kila mlango, hutampa fundi hela yako kwa kazi ambayo haiwezekani, na hutachoma bando ukisubiri video isiyofunguka.

DW hulipiwa na bajeti ya serikali kuu ya Ujerumani, yaani kodi, takriban euro milioni 400 kwa mwaka, na kisheria kazi yake ni watu walio nje ya nchi. ARD na ZDF hazichukui fedha hizo. Zinaishi kwa ada inayolipwa na kila kaya, euro 18.36 kwa mwezi tangu Agosti 2021, ambayo kwa hela yetu ni shilingi elfu hamsini na ushee. Mpaka mwisho wa 2012 ada ilifuata vifaa: ulilipa kwa kuwa na redio au televisheni, na maofisa walikuwa wakipita mlangoni kuuliza. Tangu 2013 inafuata nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Kwa hiyo anayenunua haki ya kuonyesha filamu au mechi kwa fedha hizo ananunua kwa ajili ya Ujerumani. Kuongeza Tanzania ni bei nyingine, na hakuna kaya ya Köln itakayokubali kuilipa.

Tuanze na mlango ulio wazi, na humo tuanze na redio ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo huduma bora kuliko zote hizi kwa msikilizaji wa hapa.

DW ilianza tarehe 3 Mei 1953 kwa mawimbi mafupi na kwa Kijerumani tu, ikifunguliwa kwa salamu za Rais Theodor Heuss. Kiswahili kiliingia 1963. Mwaka huo haukuja kwa bahati. Ujerumani zilikuwa mbili, na kila moja ilitaka masikio ya nchi zilizotoka kupata uhuru. Upande wa Mashariki ulikuwa na Radio Berlin International, nayo ilitangaza kwa Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na nyumba za ghorofa zilizojengwa Unguja kwa msaada wake bado zinakaliwa na watu. Mwaka 1965 Dar es Salaam iliporuhusu Wajerumani wa Mashariki kufungua ubalozi mdogo, Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, ilisitisha msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Ugomvi huo ulisikika hewani pia, kwa lugha yetu, kutoka pande zote mbili. Radio Berlin International ilizimwa usiku wa kuamkia muungano, Oktoba 1990, na mitambo yake ya kurushia ikaenda kwa DW. Aliyebaki hewani ndiye tunayemsikia leo.

Njia ya kumsikia imebadilika kabisa. Kwa miongo mingi sauti ilifika pwani hii kupitia kituo cha DW cha Kigali, chenye mitambo ya kilowati 250 kila mmoja, na redio ya National yenye antena ya kuvuta ilitosha. Kigali kilifungwa Machi 2015. Kwa hiyo ukiona mtu anauza redio ya mawimbi mafupi kwa maneno kwamba "inakamata Ujerumani", mwambie aiwashe mbele yako saa ya matangazo kabla hujatoa noti. Siku hizi sauti inakuja kwa intaneti, au kwa redio za FM za hapa nchini zenye mkataba wa kurusha vipindi vya DW. FM ni bure na safi, ila ina kasoro moja ya kudumu: redio mshirika ndiyo yenye mamlaka juu ya saa yake. Ikiwa na matangazo ya biashara au mechi, inachelewa kuingia au inatoka kabla ya kipindi kwisha. Anayetaka kipindi kizima akipakue kama podikasti.

Hesabu ya bando ni nyepesi. Mkondo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula karibu MB 29 kwa saa. Wa kilobiti 128, karibu MB 58. Saa moja kila siku kwa mwezi mzima ni MB 870 hivi kwa ule wa kwanza, na GB 1.7 kwa wa pili. Video ya ubora wa kawaida, megabiti moja kwa sekunde, ni MB 450 kwa saa moja tu. Kinachowamaliza watu si redio bali video zinazojifungua zenyewe mtu akiingia kwenye tovuti kusoma habari. Zima kujicheza kwa video kwenye mipangilio ya simu, na kwenye programu ya podikasti weka upakuaji wa Wi-Fi pekee. Jambo la tatu ni saa. Ratiba za matangazo ya kimataifa huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa: ongeza saa 3 upate saa ya Dar, kisha isome Kiswahili. 15:00 UTC ni 18:00 ya hapa, yaani saa kumi na mbili jioni. Wanaoruka hatua ya katikati ndio wanaofungua redio saa tisa wakakuta muziki.

Na yaliyomo? Taarifa ya habari ni nzuri kwa Maziwa Makuu, Kongo na Sudan, na kwa Ulaya haina mshindani kwa Kiswahili. Kwa habari za Dar yenyewe, za mtaro wa Jangwani au foleni ya Mbagala, usiitegemee. Chumba cha habari kiko Bonn na huo si mzigo wake. Kipindi cha kukaa nacho ni Meza ya Duara, ambamo mtangazaji huwaweka wachambuzi pamoja juu ya suala moja na kuwaacha wabishane mpaka hoja iive. Mbiu ya Mnyonge na Kinagaubaga vinafuata. Noa Bongo, michezo ya redio ya kuelimisha vijana, ni ya kutafutwa na walimu wa sekondari: vipindi vifupi, Kiswahili chepesi, na mada zinazoingia darasani bila kulazimishwa.

Televisheni ya DW ni mtoto wa marehemu. Ilianza tarehe 1 Aprili 1992 kwa kurithi RIAS-TV, televisheni iliyokuwa Berlin Magharibi chini ya mwavuli wa Wamarekani, na ndiyo maana mpaka leo redio iko Bonn na televisheni iko Berlin. Tangu Juni 2015 chaneli kuu ni ya Kiingereza, habari saa 24. Kabla ya kununua king'amuzi au kifurushi kwa ajili yake, muulize muuzaji aioneshe ikifanya kazi na imo kwenye kifurushi cha bei gani, maana vifurushi hupangwa upya mara kwa mara. Ukiwa na intaneti ya uhakika nyumbani, usilipie kifurushi kwa sababu yake peke yake. Inapatikana mtandaoni bila malipo.

Sasa dishi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Chaneli ya Das Erste ya ARD na ile ya ZDF zinarushwa bila kufungwa kwenye setilaiti ya Astra, nyuzi 19.2 mashariki. Hazina kadi wala malipo. Fundi akiziona kwenye orodha za mtandaoni zimeandikwa za bure, atakuambia dishi la futi sita litazileta. Halitazileta. Cha kushangaza ni kwamba setilaiti hiyo iko juu ya upeo wetu vizuri sana: kutoka Dar inakaa nyuzi kama 65 juu, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo, ilhali Berlin wanaiona chini ya nyuzi 30. Lakini mwali wake umelengwa Ulaya. Setilaiti ni kama taa ya gari. Kusimama karibu nayo hakukupi mwanga ikiwa imeelekea kwingine. Dishi kubwa hukuza mwanga uliopo, halitengenezi usiokuwepo. Fundi mkweli hukupa jibu hilo kabla ya kupanda juu ya paa. Asiye mkweli atafunga LNB mpya, yaani kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, atazungusha dishi nusu saa, kisha atasema ni mawingu. Na dai la "ninayo namba ya siri ya kufungulia" lisikubabaishe: kinachokosekana ni mwali, na mwali hauna namba ya siri.

Ili kuelewa kwa nini ARD na ZDF ni mbili, na kwa nini serikali ya Berlin haina televisheni ya ndani, lazima urudi nyuma. Ujerumani ilianza matangazo ya televisheni ya ratiba tarehe 22 Machi 1935, Berlin, kwa kituo kilichopewa jina la Paul Nipkow, picha ya mistari 180 ambayo watu waliitazama kwenye kumbi za pamoja kwa sababu seti za nyumbani hazikuwepo. Redio ndiyo iliyokuwa silaha. Seti ya bei nafuu, VE 301, iliuzwa mark 76 tangu 1933. Namba 301 ni tarehe 30 Januari, siku Hitler alipoingia madarakani. Kila kitu kilikuwa chini ya wizara ya propaganda, na vita vilipoanza Septemba 1939 kusikiliza redio ya nje kukawa kosa la jinai.

Washindi wa vita walikataa kumrudishia serikali yoyote chombo hicho. Waingereza walimweka Hugh Carleton Greene kusimamia NWDR, shirika la utangazaji la Hamburg, na akaijenga kwa sura ya BBC, ambayo baadaye aliiongoza. Utangazaji ukawa wa majimbo. Mashirika ya majimbo yakaungana 1950 yakaitwa ARD, na leo wanachama wake ni mashirika tisa ya majimbo pamoja na DW. Televisheni ya Magharibi ilifunguliwa rasmi Krismasi ya 1952, na kesho yake Tagesschau, taarifa ya habari ya ARD, ikaenda hewani. Mashariki walikuwa wamewatangulia kwa siku nne: Adlershof, Berlin, tarehe 21 Desemba 1952, siku ya kuzaliwa ya Stalin. Hiyo ndiyo iliyokuwa televisheni ya serikali kwa maana kamili ya neno, na ilidumu mpaka saa sita usiku ya tarehe 31 Desemba 1991.

Kansela Konrad Adenauer alijaribu kujenga televisheni ya serikali kuu upande wa Magharibi. Majimbo yakaenda mahakamani, na tarehe 28 Februari 1961 Mahakama ya Katiba ikaifuta: utangazaji ni mali ya majimbo, na serikali hairuhusiwi kuushika. Majimbo yakatia saini mkataba wao Juni mwaka huohuo na kuunda ZDF, iliyoanza kurusha tarehe 1 Aprili 1963. Ndiyo maana shirika linaloishi kwa fedha za serikali kuu, DW, limewekewa mpaka wa nje, na sisi tulio nje ndio wateja wake halali. Anayelalamika kwamba DW si ZDF analalamikia hukumu ya 1961.

Turudi kwenye nusu ya mlango iliyo wazi. Maktaba za video za ARD na ZDF zinafunguka Dar, na unaweza kutafuta humo bila kujisajili. Habari, mijadala na makala nyingi walizotengeneza wenyewe hucheza. Filamu za kununuliwa, tamthilia nyingi na michezo hutoa maandishi kwamba video haipatikani katika nchi uliyopo. Hata Tagesschau ya mtandaoni ikifika kwenye mpira, mara nyingi picha huondolewa, skrini inabaki na taarifa kwamba kwa sababu za haki haziwezi kuonyeshwa, na sauti ya msomaji inaendelea. Simu yako haina tatizo. Usianze kufuta na kupakua upya.

VPN, yaani programu inayoficha nchi uliyopo? Ubora unashuka, mkondo unakatika, na hapa nyumbani TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Kwa mtazamaji wa kawaida si dawa ya kupendekeza.

Bora kuliko VPN ni MediathekView, programu ya bure ya kompyuta inayokusanya orodha ya maktaba zote za umma mahali pamoja na kupakua moja kwa moja. Haivunji kufuli, lakini ina safu inayoonyesha ni video ipi imefungiwa nchi zipi, kwa hiyo unajua kabla ya kubofya. Chagua ubora mdogo kwenye dirisha la kupakua, weka kazi zako kwenye foleni, ziache zishuke usiku. Ukiona kipindi unachokihitaji kwa somo, kipakue siku hiyohiyo. Mkataba wa majimbo wa 2009 uliwalazimisha kuondoa vipindi vingi baada ya siku saba. Sharti hilo lililegezwa 2019, lakini video bado zina tarehe ya kufa, na imeandikwa chini ya kila moja. Orodha za viungo ambazo wanafunzi wa Kijerumani hurithishana mwaka hadi mwaka huwa nusu yake ni makaburi kwa sababu hiyo.

Tagesschau yenyewe ni dakika 15, saa 20:00 ya Ujerumani. Kwetu hiyo ni saa nne usiku wakati wao wako katika majira ya baridi, na saa tatu usiku wakiwa katika majira ya joto. Wanabadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadili. Video yake kwa megabiti 1.5 ni karibu MB 170. Sauti peke yake kwa kilobiti 128 ni MB 14 hivi, na haipotezi mengi, maana muundo wake ni msomaji anayesoma habari. Kuna toleo la sekunde 100 kwa mwenye haraka, na tangu Juni 2024 kuna toleo la Kijerumani chepesi siku za kazi, linalosomwa polepole. Mwanafunzi aliyemaliza ngazi ya A2, ya pili katika ngazi za kujifunza lugha zinazoanzia A1, aanze na hilo. Kabla ya A2, DW ina Nicos Weg, video za ngazi ya A1 hadi B1 zenye mazoezi, na baada yake ina habari zinazosomwa taratibu pamoja na maandishi yake. Soma maandishi kwanza, sikiliza, kisha funga maandishi usikilize tena. Kwa mtu asiyemudu ada ya darasa, hakuna anachokosa hapa ila mtu wa kumsahihisha matamshi.

Chumba cha thamani kuliko vyote, na kisichojulikana, ni ARD Retro. Tangu Oktoba 2020 mashirika ya ARD yanaweka humo vipande vya televisheni ya kabla ya 1966, habari na makala, na hifadhi ya utangazaji ya taifa imeongeza vya Ujerumani Mashariki. Hakuna mpira wa kununuliwa humo wala filamu ya Hollywood, kwa hiyo kufuli ni adimu. Picha ni nyeusi na nyeupe, sauti mara nyingine inakoroma, vipande ni vifupi na vinapakuka kwa bando dogo.

Kwa rangi utafute nje ya Retro, kwenye kumbukumbu za 1967. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, kwenye maonyesho ya Berlin Magharibi, Willy Brandt, wakati huo makamu wa kansela, alibonyeza kitufe chekundu kuwasha televisheni ya rangi. Angalia kidole chake: rangi inaingia kabla hajabonyeza. Kitufe kilikuwa cha bandia, na fundi nyuma ya pazia aliwahi. Mfumo uliowashwa siku hiyo ni PAL, kazi ya Walter Bruch wa Telefunken, ambao unageuza alama ya rangi katika kila mstari wa pili ili makosa yafutane. Ndio uliotumika Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi miaka ya 1970, na ndio uliokuwa ndani ya kila TV ya kichogo ya Dar mpaka analojia ilipozimwa mwisho wa 2012. Ujerumani Mashariki ilichagua SECAM ya Wafaransa mwaka 1969, kwa hiyo mtu wa Leipzig aliyeiba kutazama Magharibi kwa seti ya kwao aliona mechi ya rangi ikiwa nyeusi na nyeupe, isipokuwa fundi alimfungia kifaa cha PAL. Mkanda wa SECAM ukiuingiza kwenye deki ya PAL ya hapa, hali ni ileile. Usiutupe ukidhani umeharibika.

Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Retro, acha tahajia yetu. Andika Tansania kwa s, Sansibar kwa s mbili, na kwa mambo ya kabla ya muungano andika Tanganjika. Jiji letu wao wanaliandika neno moja, Daressalam. Ukiliandika kwa maneno matatu utakosa vingi.